Dawa ya Maumivu Inapoamsha Walinzi wa Ubongo

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto wa selimundu aliyeshikwa na maumivu ya mifupa usiku wa manane, mzee mwenye saratani ya koo: wote hao wanaweza kupewa morfini au mojawapo ya ndugu zake, na kwa wengi wao ni neema. Kijana wa maskani anayefungua kete ya unga nyuma ya soko anaingiza mwilini kitu cha ukoo huohuo, kwa kuwa heroini ikishafika ubongoni hugeuka kuwa morfini. Pethidini, kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, vidonge vya tramadoli, fentanili ya chumba cha upasuaji, methadoni ya kliniki, zote huitwa opioidi. Zote hufanya kazi kwa kushika vipokezi fulani vilivyo juu ya seli za neva. Vipokezi hivyo vilithibitishwa mwaka 1973, na miaka miwili baadaye ikabainika kwamba mwili wenyewe hutengeneza opioidi zake za kutuliza maumivu. Ndiyo maana vipo. Afyuni ilivikuta tayari.

Kwa miongo mingi maelezo ya wataalamu yaliishia hapo, kwenye seli za neva. Mtu akizoea morfini na dozi ya jana ikashindwa kumtuliza leo, ilisemwa kwamba neva zake zimeacha kuitikia. Akishindwa kuiacha, ilisemwa kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na raha zimetekwa. Maelezo hayo hayajafutwa, na bado ndiyo nguzo. Lakini tangu mwanzoni mwa karne hii imezidi kuonekana kwamba kuna seli nyingine zilizokuwa zimesahauliwa. Hizo hazipeleki habari za maumivu wala za raha, ila zinachangia kuamua habari hizo zisikike kwa nguvu kiasi gani. Ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe. Nimezifuatilia kwa hamu kwa sababu zinatupa namna nyingine ya kumtazama jirani mwenye maumivu, na jirani mwenye uraibu.

Seli hizo huitwa maikroglia. Zilielezwa kwa usahihi mwaka 1919 huko Hispania, baada ya mtafiti mmoja kupata njia ya kuzitia rangi kwa chumvi ya fedha hata zikajitokeza chini ya hadubini: ndogo, zenye vimikono vyembamba vilivyotawanyika kila upande. Katika kila seli kumi za ubongo, moja hivi ni ya aina hii. Kwa asili hazihusiani na seli za neva. Kwa panya imeonekana kwamba chimbuko lake ni kifuko kinacholea kiinitete mimba ikiwa changa sana. Kutoka huko husafiri hadi ubongoni, zikafanya makazi, na kuendelea kujizalisha humohumo.

Mwaka 2005 watafiti walichungulia ubongo wa panya aliye hai kupitia fuvu lililokwanguliwa mpaka likawa jembamba. Seli ambazo vitabu vilisema zimepumzika hazikuwa zimepumzika hata kidogo. Miili yake ilitulia mahali pamoja, lakini vimikono vilikuwa vikinyooka na kujikunja saa zote, vikipapasa kila pembe. Sehemu ndogo ilipojeruhiwa kwa mwali wa leza, vimikono vya seli za jirani vilielekea huko na kulizingira jeraha. Mwenye kuwajua sungusungu wa kijijini, wanaozunguka usiku kucha kila kundi na mtaa wake, wakakusanyika filimbi ikilia, hatapata taabu kuielewa maikroglia. Na kama ilivyo kwa sungusungu, ulinzi ukipitiliza huumiza hata wasio na hatia.

Kupitiliza huko ndiko kunakohusu mchochota. Mvuvi akichomwa na mwiba wa samaki kidoleni, kidole hupata joto, huvimba na kupwita. Maana yake seli za kinga zimefika na kumwaga kemikali za kuitana, ziitwazo saitokini. Ubongoni hakuna wekundu wa kuona wala uvimbe wa kushika, na kiasi cha kemikali hizo kinaweza kuwa kidogo mno. Hata hivyo tumeonja kazi yake sote. Unyonge wa malaria, kukosa hamu ya kula, kutotaka kusemeshwa, kulala mchana kutwa: sehemu ya hali hiyo huletwa na saitokini zinazopeleka habari ubongoni. Zikikaa muda mrefu, seli za neva zinazobeba maumivu huwa nyepesi kushtuka. Kitu kidogo kinauma sana.

Sasa turudi kwenye morfini. Panya akipewa dawa hiyo siku baada ya siku, maikroglia za uti wa mgongo na za baadhi ya sehemu za ubongo hubadilika. Seli hunenepa, vimikono hufupika, na saitokini huanza kutoka. Hapo ndipo wanasayansi waliposhangaa: dawa inatuliza neva, na wakati huohuo inaamsha seli zinazozichokoza neva hizohizo. Walipozizuia seli hizo zisifanye kazi, au walipozizima saitokini zake, panya waliendelea kupata nafuu kwa dozi ileile kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kuzoea dawa, kule kuhitaji kuongezewa kila baada ya muda, hakutokani na neva peke yake. Ni hivyohivyo kwa hali nyingine ambayo madaktari wanaijua vizuri, pale mgonjwa aliyetumia opioidi kwa muda mrefu anapoanza kuumwa zaidi badala ya kupungukiwa na maumivu.

Jaribio moja la mwaka 2016 linastahili kuelezwa kwa utuvu, maana liliwafanya wengi wasimame wafikiri. Panya waliojeruhiwa neva ya mguu walisubiriwa siku kumi, kisha wakapewa morfini kwa siku tano tu. Dawa ikasimamishwa. Panya wasioguswa na morfini walipona baada ya muda. Wale waliopewa waliendelea kuumwa kwa muda unaokaribia mara mbili, wiki nyingi baada ya dawa kwisha mwilini. Watafiti walifuatilia chanzo na kukuta maikroglia za uti wa mgongo zimewaka na kubaki zimewaka. Walipouzima mfumo mmoja ndani ya seli hizo unaotengeneza saitokini, maumivu yale ya nyongeza yaliondoka.

Jaribio hilo lilihusu panya, tena wa kiume, tena wenye jeraha la aina moja. Halisemi kwamba mama aliyepewa morfini siku mbili baada ya upasuaji ataumwa miezi. Nalisisitiza hili kwa sababu habari za namna hii zikishuka mitandaoni hugeuka haraka kuwa tangazo la kuwatisha watu dhidi ya hospitali.

Morfini inaziamshaje seli za kinga? Jibu lililovuma lilitoka mwaka 2010. Juu ya maikroglia kuna kipokezi ambacho kazi yake ya kawaida ni kutambua vipande vya ngozi ya bakteria fulani na kupiga yowe. Ilionyeshwa kwamba morfini hukigusa kipokezi hicho, kana kwamba seli imeona adui. Kulikuwa na ushahidi mzuri wa kuunga mkono. Naloksoni, dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa na unga, ina molekuli pacha yenye umbo la kinyume, kama lionekanavyo kwenye kioo. Pacha huyo hashiki kipokezi cha opioidi hata kidogo, lakini hukizuia kile cha bakteria, na alipopewa panya alipunguza baadhi ya athari za morfini.

Kisha maabara nyingine zikajaribu na kupata majibu tofauti. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho cha bakteria walizoea morfini vilevile kama wenzao. Mwaka 2017 kundi jingine lilionyesha kwamba ukiondoa vipokezi vya opioidi kwenye neva zinazohisi maumivu, panya hawaizoei morfini wala maumivu yao hayazidi, ingawa dawa bado inawatuliza. Maana yake cheche ya kwanza huenda inaanzia kwenye neva, halafu seli za kinga zinachochea moto. Ubishi huu haujaisha. Binafsi unanipa imani zaidi na kazi hii, kwa kuwa wanaobishana wanabishana kwa majaribio. Wasichobishania sana ni kwamba maikroglia hubadilika opioidi zinapotumika kwa muda mrefu.

Kwa binadamu ushahidi ni mchache zaidi, kwa sababu hatuwezi kukwangua fuvu la mtu. Mabongo ya marehemu waliokuwa wakitumia heroini yamechunguzwa, na katika baadhi ya sehemu maikroglia zilikutwa zimeamka kuliko za watu wengine wa umri wao. Lakini mtu aliyeishi na unga amepitia pia njaa, vipigo, maambukizi, na nyakati ambazo pumzi zilipungua hadi ubongo ukakosa hewa. Si rahisi kutenga kosa la kila kimoja.

Nje ya ubongo mambo huwa kinyume, na hili linawachanganya hata wanafunzi wa udaktari. Kwenye damu na mapafu, opioidi nyingi hulegeza kinga. Mwaka 1898, mwaka uleule heroini ilipoanza kuuzwa Ujerumani kama dawa ya kikohozi, ilikwisha kuonekana kwamba wanyama wa maabara waliopewa morfini walishindwa kupambana na bakteria. Leo inajulikana kwamba watumiaji wa opioidi wa muda mrefu hupatwa zaidi na nimonia. Dawa moja, basi, inaweza kuilegeza kinga kifuani na kuichokoza kichwani. Mwili haugawanyiki kirahisi kama tunavyopenda.

Haya yote yanakutana na maisha yetu mahali pengi. Nianze na pwani, maana ndiko unga ulikoshukia. Heroini inayotoka Afghanistan husafirishwa kwa majahazi kutoka ufuo wa Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, hadi bahari kuu iliyo mbele ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo huingizwa kwa vyombo vidogo. Sehemu yake haiendi mbali. Inabaki Mombasa, Malindi, Lamu, Unguja, Tanga na Dar es Salaam, katika mapafu na mishipa ya vijana tunaowaita mateja.

Alosto wanaifahamu wao na mama zao. Saa chache baada ya unga kwisha mwilini mtu hupiga miayo mfululizo, makamasi na machozi yakitiririka, vinyweleo vikisimama. Mifupa inauma kama imevunjwa, tumbo linaendesha, anatapika, halali. Majirani husema anajifanya ili apewe hela. Mwaka 2017 watafiti walionyesha, kwa panya, kwamba maikroglia za uti wa mgongo zina njia ndogo kwenye utando wake inayofunguka morfini inapoondolewa ghafla na kumwaga kemikali inayozichochea neva. Walipoifunga njia hiyo, dalili za alosto zilipungua. Na dawa waliyotumia kuifunga ilikuwa moja ya kale, probenesidi, inayojulikana kwa kutibu jongo.

Ukisoma hivyo unaweza kukimbilia famasia, na hapo lazima nikuzuie. Kitu kilichofanya kazi kwa panya bado kina safari. Tuna mfano wa karibu: minosaiklini, antibayotiki ambayo huzituliza maikroglia za panya vizuri, ilipojaribiwa kwa watu wenye uraibu wa opioidi katika majaribio madogo haikuleta mafanikio yaliyotarajiwa. Dawa nyingine ya kutuliza seli hizo, inayotumika Japani kwa pumu, ilipunguza baadhi tu ya dalili za kuacha heroini. Hizo ni hatua za kwanza. Hakuna leo kidonge cha kutuliza maikroglia kinachomtoa mtu kwenye unga, na anayekiuza anaiba.

Kilichopo, na ambacho kimethibitika kuokoa maisha, ni methadoni. Dar es Salaam ilianza kuitoa Februari 2011, Kenya ikafuata Desemba 2014, na Zanzibar mwaka 2015. Ukifika kwenye kliniki asubuhi utaona foleni mbele ya dirisha. Kila mmoja anaonyesha kadi, anatajiwa dozi yake, anapokea kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakunywa palepale mbele ya muuguzi, anasuuza kikombe kwa maji na kuyanywa pia, kisha anasema neno moja mbili ili ionekane kwamba hakuna kilichobaki mdomoni. Halafu anaondoka: mwingine gengeni, mwingine kwenye bodaboda, mwingine kulala.

Wapo wanaosema huko ni kubadilisha teja wa unga kuwa teja wa serikali. Najua wanasema kwa uchungu, maana wameibiwa na watoto wao wenyewe. Lakini fikiria kile ambacho mwili unapitia. Mtumiaji wa heroini hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na kila kushuka ni alosto mpya, mfadhaiko mpya, neva na seli za kinga zikichokozwa upya. Sindano chafu zinaongeza bakteria, homa ya ini na virusi vya UKIMWI, ambavyo kila kimoja kina mchochota wake. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Ni opioidi, na maabara zimeonyesha kwamba nayo inaweza kuzigusa seli za kinga, kwa hiyo sitadai kwamba inautuliza mchochota wenyewe. Inachotoa ni utulivu wa kiwango, bila sindano na bila kuwinda hela ya kete inayofuata. Seli zilizobadilika kwa miaka hazirudi kama zamani kwa wiki moja. Mzazi anayesema mwanangu amekunywa methadoni miezi mitatu na bado ana hasira na hapati usingizi, asikate tamaa mapema.

Miongoni mwa wanaojidunga pwani yetu, maambukizi ya VVU ni makubwa kuliko katika jamii kwa ujumla, na hapo utafiti huu unakuwa mzito zaidi. VVU hujificha ndani ya maikroglia zenyewe. Katika majaribio ya maabara, protini za virusi zikikutana na morfini, seli za neva huumia kuliko zinavyoumizwa na kimojawapo peke yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzitoa methadoni na dawa za kufubaza virusi mahali pamoja pale inapowezekana, ili mgonjwa asihangaike kati ya milango miwili. Jambo jingine halihusu ubongo, linahusu ini, lakini siwezi kuliacha: rifampisini ya kutibu kifua kikuu huharakisha kuondolewa kwa methadoni mwilini. Mgonjwa aliyeanza dawa za TB akilalamika kwamba alosto imerudi, mara nyingi anasema kweli, na anahitaji dozi yake iangaliwe upya. Asituhumiwe.

Hofu yangu kubwa ni kwamba habari hizi zitumike kuwanyima morfini wanaoihitaji. Tayari wananyimwa. Ripoti ya jopo la kimataifa ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa nguvu ya morfini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Hiyo ni kilo 100, kugawanywa kwa mamilioni ya wagonjwa wa saratani, wa ajali na wa selimundu. Marekani, kwa upande wake, ilizigawa kwa wingi mno kwa maumivu ya kawaida ya mgongo na magoti, na mwaka 2021 zaidi ya watu 80,000 huko walikufa kwa kuzidisha opioidi, wengi wao wakiuawa na fentanili ya magendo. Afrika Mashariki haina haja ya kurithi ugonjwa wa Marekani, wala haina haja ya kuendelea kuwaacha watu wafe wakilia.

Uganda imeonyesha njia ya kati tangu mwaka 1993. Morfini ya unga huchanganywa na maji, hutiwa rangi ili chupa ya nguvu kubwa isichanganywe na ile hafifu, na hutolewa bure kwa wagonjwa. Tangu 2004 wauguzi waliofunzwa maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Kwa mgonjwa wa saratani anayelala nyumbani utaratibu ni rahisi kueleza: anakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa maradufu ili alale mpaka kukuche. Hasubiri maumivu yarudi. Pamoja nayo anapewa dawa ya kulainisha choo, kwa maana morfini hufunga tumbo, na isipopatikana, wauguzi wa huduma shufaa hufundisha kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, swali la maikroglia zake baada ya miezi sita si swali la kwanza. Maumivu makali yasiyotulizwa nayo hudhoofisha kinga. Panya waliopasuliwa bila kutulizwa vya kutosha walienewa zaidi na uvimbe wa saratani kuliko waliopewa morfini.

Mama wa mtoto mwenye selimundu huuliza kama mwanawe atakuwa teja kwa sindano anazochomwa wodini. Morfini inayotolewa kwa maumivu halisi, kwa kipimo, chini ya macho ya daktari, mara chache huishia huko. Swali lenye faida zaidi kwake ni jinsi ya kupunguza idadi ya mashambulio: haidroksiurea, maji ya kutosha, kukinga malaria, chanjo ya nimonia. Kadiri mashambulio yanavyopungua ndivyo mtoto anavyohitaji opioidi mara chache.

Ninayemwogopea zaidi ni mchukuzi wa bandarini, mvuta nyavu au mkulima wa mpunga mwenye mgongo unaouma miaka nenda rudi, anayepata tramadoli bila cheti na kumeza kila asubuhi apate nguvu ya kuinama. Mwezi wa kwanza anameza kimoja, baadaye viwili, baadaye vinne. Akikosa siku moja mwili mzima unauma, naye anaamini mgongo umeharibika zaidi. Huenda mgongo uko palepale, na kilichobadilika ni neva na seli zinazozizunguka. Kwa maumivu sugu ya mgongo opioidi si dawa ya kwanza popote pale. Mazoezi, kubadilisha namna ya kubeba, na ibuprofeni kwa muda mfupi na kwa ushauri, ndiko kunakoanzia tiba. Aliyekwisha kuzoea tramadoli asiikate ghafla, maana alosto itamrudisha. Dozi hushushwa polepole, na daktari akijua.

Kwa mwanafunzi wa biolojia nina maneno mengine. Karibu majaribio yote niliyoyaeleza yamefanywa kwa panya wa maabara, na mengi kwa wa kiume. Mwaka 2015 ilionekana kwamba maikroglia zinazoendesha maumivu kwa panya dume hazifanyi kazi hiyo kwa panya jike, ambaye hutumia seli nyingine za kinga. Mama zetu na dada zetu, basi, huenda wana njia yao ambayo dawa za kesho zitaikosa zikitengenezwa kwa kumtazama dume peke yake. Vivyo hivyo kwa mwili uliokua na malaria, minyoo na kifua kikuu, ambao kinga yake imefunzwa tofauti na ya mnyama aliyelelewa kwenye kizimba safi. Maswali hayo yanaweza kuulizwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kwa damu na kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki zetu, na hayahitaji kungoja mtu wa mbali ayaulize.

Limebaki moja la haraka kwa kila nyumba yenye kijana aliyetoka gerezani au kwenye nyumba ya kupata nafuu. Kule kuzoea dawa, ambako neva na seli za kinga zilikujenga kwa miaka, hupungua ndani ya wiki chache za kuacha. Akirudia unga kwa kiasi alichokuwa akitumia zamani, anaweza kuacha kupumua siku hiyohiyo. Ukimkuta midomo imekuwa ya bluu, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, anakoroma au haitikii, usimmwagie maji na kumwacha. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Mkimbizeni kituo cha afya au hospitali, na mkifika semeni wazi kwamba ametumia heroini ili apewe naloksoni. Hufanya kazi kwa dakika chache, lakini huisha nguvu mapema kuliko unga wenyewe, kwa hiyo akizinduka na kutaka kwenda zake, abaki chini ya uangalizi.